Kushona mavazi ya katuni kwa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Mtwara na Lindi

Nashona nguo za watoto hapa Mtwara mjini: sare za shule, magauni ya Idi na Krismasi, na siku hizi mavazi ya katuni. Ikifika mwezi wa tisa simu huanza kuita. Kuna mzazi ambaye shule ya mwanawe inafanya sherehe ya Halloween, kuna mwenye dada yake Marekani anayetaka nguo ya mwanawe ishonwe huku, na wengi zaidi wanaitaka kwa bethidei au mahafali ya chekechea. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Kama una cherehani nyumbani, unaweza kushona mwenyewe. Kama huna, utajua cha kumwambia fundi wako.

Halloween ni nini hasa?

Ni jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote inayoadhimishwa na Wakristo wengi tarehe 1 Novemba. Ina mizizi ya zamani zaidi pia, katika sikukuu ya Waselti wa Ireland na Scotland ya kumaliza mavuno na kuukaribisha msimu wa baridi. Wahamiaji kutoka huko waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na kwa miaka ikageuka kuwa siku ya watoto. Wanavaa mavazi ya kujigeuza, mengine ya mizimu na mafuvu, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, na kwenye milango huwekwa maboga yaliyochongwa uso na kutiwa mshumaa ndani. Huku kwetu haikuwa desturi. Inakuja kupitia shule, televisheni na ndugu walioko nje.

Mimi ni Mwislamu. Nikimshonea mwanangu vazi la katuni, si nitakuwa nasherehekea mizimu?

Mama anayeniuliza hivi namheshimu sana. Kuhusu kuisherehekea sikukuu yenyewe, muulize shehe wako, na kama ni Mkristo, padri au mchungaji wako. Fundi si mtu wa kutoa hukumu ya dini. Upande wa nguo naweza kukujibu: mafuvu, damu na mizimu mimi sishoni, na hakuna anayekulazimisha kushona hivyo hata kama shule imeandika Halloween kwenye barua yao. Katuni ni katuni. Wazazi wengi ninaowashonea hawaijali kabisa tarehe 31 Oktoba, vazi wanalitumia Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, au kwenye mahafali ya mwisho wa mwaka.

Lakini sisi tunayo mapiko. Hii si ndiyo ile ile?

Hapana, na ni muhimu tusichanganye. Kinyago cha lipiko cha Wamakonde, kwa wenzetu wa Newala, Tandahimba na hata ng'ambo ya Ruvuma, kina mahali pake. Kinaambatana na jando na unyago, kina heshima yake na miiko yake, na anayekicheza hatakiwi kujulikana. Ukiniletea picha ya lipiko unataka nimshonee mtoto kwa ajili ya keki na soda, nitakuomba uchague kitu kingine.

Ila ufundi wake umetufundisha mengi. Lipiko huchongwa kwenye mti mwepesi, likavaliwa kichwani kama kofia kubwa, na mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, si kupitia macho. Mwili wote unafunikwa kwa nguo hadi ngozi isionekane. Basi angalia vichwa vya katuni: macho ni makubwa mno na yako juu sana, hayakai mbele ya macho ya mtoto hata ufanye nini. Mafundi wengi huhangaika kutoboa macho, mtoto anaishia kuona dari. Toboa mdomo. Weka neti nyeusi kwa ndani, ile laini ya shela, ukiishona pembeni tu. Kwa nje mdomo unaonekana mweusi, kwa ndani mtoto anaona njia yake vizuri, na hewa inaingia pale pale pua ilipo. Kila kichwa kikubwa ninachotengeneza nakifanya hivyo.

Nianze na katuni gani?

Anza na inayotambulika kwa mbali. Simama hatua kumi, kodoa macho kidogo: kama bado unaijua kwa umbo na rangi mbili tatu, hiyo itakurahisishia kazi. Mickey Mouse anajulikana kwa masikio mawili ya duara na bukta nyekundu. Minnie ni gauni jekundu la madoa meupe na utepe mkubwa uliofungwa kama kipepeo kichwani. Spider-Man watoto wote wa kiume wanamtaka, na ndiye mgumu kuliko wote kwa sababu ya kitambaa cha kuvutika na ile mistari ya utando.

Usisahau za kwetu. Akili, yule mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro katika katuni za Ubongo za Dar es Salaam, anafaa sana kwa watoto wa chekechea, na vazi lake ni nguo ya kawaida ambayo mtoto ataendelea kuivaa baada ya sherehe. Na Sungura na Fisi wa hadithi za bibi hawana mwenye hati. Nguo ya kahawia yenye madoa, masikio ya duara na mkia mfupi, fisi huyo. Mimi binafsi napenda kuwaona hawa wawili jukwaani kuliko binti mfalme wa theluji ambaye nusu ya darasa limevaa kama yeye.

Nitumie kitambaa gani kwa joto hili?

Hapa ndipo vazi linapofaulu au kuharibika. Oktoba na Novemba kwetu pwani, kabla mvua hazijashika, jua ni kali na unyevu wa bahari hauliruhusu jasho kukauka. Michoro na maelekezo mengi ya mtandaoni yametoka kwa watu ambao tarehe 31 Oktoba kwao ni baridi, kwa hiyo wanasema tumia manyoya, sufu na vitambaa vizito. Mtoto wa Shangani hapa Mtwara au wa Lindi mjini ukimvika manyoya saa nane mchana, baada ya nusu saa atakuwa analia na nguo itakuwa mkononi mwako.

Kwa bukta, suruali na mashati tumia pamba, au tetroni iliyochanganywa na pamba, ile ya sare za shule. Inapatikana kila duka la vitambaa, ina rangi zote, na haichuji haraka. Kwa vazi la kubana tumia kitambaa chepesi cha jezi, kile kinachovutika. Satini ni nzuri kwa gauni la binti mfalme kwa kuwa inang'aa kwenye picha, lakini haipitishi hewa. Weka bitana ya pamba kuanzia mabegani hadi kiunoni ili isigande mgongoni. Neti ngumu ya kutunisha gauni isiguse ngozi kamwe, inakwaruza miguu. Ishone juu ya sketi ya ndani ya pamba.

Manyoya ya simba? Chukua nyuzi za katani, zichane zilainike, zifunge vifungu vidogo na kuvishona kuzunguka kofia, si kuzunguka shingo. Shingoni zinawasha. Gunia la korosho nalo linavutia kwa sanamu la kufukuzia ndege, lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kuwasha, mtoto avae fulana na suruali ndani.

Ninunue kitambaa mita ngapi?

Kwa mtoto wa miaka mitano hivi, na kitambaa chenye upana wa sentimita 150: bukta nusu mita, shati mita moja, gauni la kumwaga mita mbili, vazi zima la kubana mita moja na nusu, joho la mgongoni mita moja. Kikiwa chembamba cha sentimita 115, ongeza kama theluthi. Kabla hujanunua, pima mtoto. Wapo wa miaka mitano wenye kimo cha wa miaka saba.

Vipimo gani ambavyo watu husahau?

Viwili. Cha kwanza ni mzunguko wa mwili. Weka tepu kwenye bega katikati, ishushe mbele, ipite katikati ya miguu, ipande mgongoni hadi pale pale begani. Bila kipimo hiki, vazi la kipande kimoja litamkata mtoto katikati ya miguu kila akichuchumaa. Ongeza sentimita tano kama kitambaa hakivutiki.

Cha pili ni kichwa. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita huwa na mzunguko wa sentimita 50 hadi 52 hivi. Kofia au bendi iwe na nafasi kidogo zaidi ya hapo, hasa kama msichana amesuka. Uliza siku hiyo atasukwa mtindo gani!

Naomba maelezo kamili ya Mickey. Sijawahi kushona katuni.

Chukua bukta ya mtoto inayomtosha vizuri. Ikunje katikati, ilaze juu ya karatasi (mfuko wa saruji uliokung'utwa ni mgumu na haukunjiki ovyo), chora kuizunguka, kisha ongeza sentimita moja na nusu ya mshono pembeni, nne juu kwa ajili ya lastiki, tatu chini kwa upindo. Kata vipande vinne vya tetroni nyekundu, ukikumbuka kwamba mbele na nyuma havilingani, nyuma panda juu kidogo. Unga miguu kwanza, halafu ingiza mguu mmoja ndani ya mwingine na ushone katikati. Lastiki ikate pungufu ya kiuno kwa sentimita tano.

Vifungo viwili vyeupe vya mbele ni vya kuonekana tu. Kata maumbo ya yai marefu kama sentimita saba kwenye tetroni nyeupe, yatie kwa ndani kile kitambaa kigumu cha kola kinachobandikwa kwa pasi, na uyashone kabla hujaunga bukta. Ukisubiri mpaka bukta imekamilika, mkono wako utahangaika ndani ya mguu mdogo bila sababu.

Juu avae fulana nyeusi ya kawaida. Mkia ni mrija wa kitambaa cheusi uliojazwa sufi, bila waya ndani, na uishie juu ya goti. Mkia wa kuburuza chini watoto wenzake wataukanyaga. Viatu vya njano ukivikosa, tengeneza vifuniko vya kitambaa vya kuvaa juu ya raba, chini vikiwa wazi ili asiteleze.

Masikio yanataka uangalifu. Kwenye katuni, masikio ya Mickey hubaki duara hata akigeuka upande, kwa hiyo yakilegea au kukunjika tu, watoto wataona kuna kitu hakiko sawa. Boksi la karatasi hulainika kwa jasho na unyevu. Tumia sponji ya godoro yenye unene wa sentimita moja, kata duara mbili za upana wa sentimita 11, zivike kitambaa cheusi cha pamba, na chini acha ulimi wa kitambaa wa sentimita nne. Ulimi huo uzungushe kwenye bendi ya plastiki ya kichwani na uushone kwa mkono, uzi mara mbili. Usitegemee gundi peke yake, kwa joto letu huachia.

Glavu nyeupe: Mickey ana vidole vinne tu, gumba na vitatu. Chora mkono wa mtoto kwenye karatasi, kisha unganisha kidole cha pete na kidole kidogo kuwa kimoja kinene. Kata kwenye jezi nyeupe, na kabla ya kushona chora au tarizi mistari mitatu myeusi nyuma ya kiganja. Mistari hiyo mitatu ni midogo, lakini mtoto anayemjua Mickey ataitafuta ya kwanza.

Cherehani yangu ni ile ya miguu, inashona mshono mnyoofu tu. Nitaweza Spider-Man?

Utaweza. Weka sindano yenye ncha butu ya jezi, fupisha hatua ya mshono, na ukiwa unashona ivute jezi kidogo mbele na nyuma ya sindano. Rudia mshono wa pili pembeni kidogo ya wa kwanza. Kabla ya kununua, jaribu kitambaa dukani: shika sentimita 10 uvute, kikifika 13 bila taabu kinafaa. Kisipofika, mtoto hatainua mikono.

Nyekundu ni kichwa, kifua, mabega, mikono na viatu. Bluu ni ubavuni na miguuni. Mistari ya utando ichore kwa kalamu ya kitambaa vipande vikiwa bado bapa mezani, ukiwa umeweka karatasi ngumu chini wino usipenye. Anzia katikati ya kifua utoe miali kama ya jua, kisha uiunge kwa vipinde. Zipu iwe ndefu mgongoni. Kifuniko cha uso mimi nakishona nusu, kikiishia puani, ili mdomo ubaki huru.

Chooni je?

Vazi la vipande viwili, kila inapowezekana. Juu na chini vikiwa rangi moja, mtu wa pembeni haoni tofauti. Kwa wa miaka mitano kushuka chini usimpe mkanda wala vifungo vya kweli, ni lastiki peke yake. Mwalimu wa chekechea mwenye watoto arobaini waliovaa zipu za mgongoni atakukumbuka vibaya.

Kuna hatari gani za kuangalia?

Moto kwanza. Satini nyingi, neti na jezi za bei rahisi ni poliesta. Zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Bethidei ina keki na mishumaa, na umeme ukikatika kuna mshumaa mezani. Mtoto mwenye mikono mipana au gauni la neti asogezwe mbali, au mshumaa uzimwe. Hapo hakuna mjadala.

Ya pili ni bodaboda. Joho refu la mgongoni likiingia kwenye spoku au mnyororo linamvuta mtoto kwa shingo. Joho avae akishafika. Na lisifungwe kwa kamba shingoni hata kidogo: weka vipande vya velkro mabegani, ili likivutwa liachie lenyewe. Nimeona majoho mazuri sana yenye kamba ya shingoni yakiuzwa, na kila mara namshauri mzazi akate ile kamba.

Wenye umri chini ya miaka mitatu wasiwekewe vifungo au shanga za kung'oka. Na kama sherehe itaisha usiku, shona utepe wa kung'aa mgongoni, madereva wamwone.

Naweza kumpaka rangi usoni badala ya barakoa?

Ndiyo, na kwa joto letu ni bora. Iwe rangi ya ngozi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Rangi ya ukuta, ya viatu au kalamu ya ubao hapana. Mpake kidogo mkononi siku moja kabla uone kama inamwasha.

Nataka kuyauza haya mavazi. Inaruhusiwa?

Kumshonea mwanao avae nyumbani na kushona ishirini uyaweke dukani yenye jina na picha ya katuni ni mambo mawili. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuuliza. Watu huniambia Mickey sasa ni wa wote. Kilichotokea ni kwamba tarehe 1 Januari 2024, huko Marekani, hakimiliki ya Mickey wa kwanza wa mwaka 1928 ilikwisha: yule wa picha nyeusi na nyeupe, asiye hata na glavu. Matoleo mengine ya zamani yanafuata mwaka hadi mwaka, lakini ya karibuni bado yana ulinzi wake, na alama ya biashara ni suala lingine tena. Ukitaka biashara isiyo na wasiwasi, buni wahusika wako au shona Sungura, Kobe na Simba.

Dada yangu yuko Marekani, nimtumie nguo ya mtoto. Nibadilishe nini?

Ukubwa. Huko mwisho wa Oktoba watoto hupita nje jioni kwenye baridi, wanavaa sweta na suruali ndani ya vazi. Ongeza sentimita nane hadi kumi kifuani na nne kwenye urefu wa mikono. Mwambie akupimie mtoto akiwa amevaa hilo sweta. Vichwa vikubwa usitume, huminywa njiani. Tuma kitambaa kilichoshonwa na sponji wanunue huko.

Nikuletee lini?

Kwa Halloween, kitambaa na vipimo vinifikie mapema Septemba. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, fedha zinaingia majumbani, na kila fundi kuanzia Masasi hadi Lindi anakuwa na rundo la nguo za harusi na za sikukuu. Baada ya hapo zinakuja sare za Januari. Kwa mahafali, njoo kabla ya wiki ya pili ya Oktoba. Mtoto naye aje, angalau mara moja kupimwa na mara moja kujaribu. Picha ya simu haitoshi.

Nalitunzaje likae hadi mdogo wake alivae?

Fua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni ya kawaida, bila kusugua sehemu zenye wino. Jezi iliyochorwa, kabla ya kufuliwa mara ya kwanza, fuata maelekezo ya kalamu ya kuukaza wino, mara nyingi ni kwa pasi. Anika kivulini ukiwa umeigeuza ndani nje. Masikio ya sponji na mikia usivikamue kwa kuvipinda, vikandamize kati ya taulo mbili. Ndoano na vifungo vya chuma hushika kutu haraka na upepo wetu wa bahari na kuacha madoa yasiyotoka, kwa hiyo tumia vya plastiki, au vikunjie kipande cha kitambaa kikavu. Pindo na mishono ya pembeni mimi huacha nene makusudi. Mdogo wake akiwa mnene kuliko kaka yake, nirudishie niifumue na kuiachia.